Saa ya Milioni 25: Unalipia Nini Hasa?

Picha ya msanii au mchezaji mpira aliyekunja mkono wa shati ili saa ionekane ikishazagaa mitandaoni, ubishi huwa ni uleule. Mmoja atasema ile ni milioni 25. Mwingine atasema ni feki ya elfu thelathini. Wa tatu atasema hata kama ni orijino, simu yake ya laki mbili inaonyesha saa kwa usahihi zaidi, tena ina tochi. Hapa Mwanza ubishi huu una uzito wa ziada, kwa sababu mji una watu wanaoshika pesa taslimu: wa dhahabu ya Geita, wa sangara, na wale wanaokwenda Dubai kufuata mzigo na kurudi na kiboksi kidogo cha kijani kwenye begi la mkononi. Nyuma ya kila anayerudi na kiboksi kuna wengine wanaojiuliza kama na wao wajitose, na wengi wameshaambiwa kwamba saa ya namna hiyo haishuki thamani, kwamba ni uwekezaji. Dai hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Limekoroga pamoja mambo matatu yanayofaa kutazamwa kila moja peke yake: saa kama chombo cha kutaja muda, saa kama kazi ya mikono ya fundi, na saa kama mali.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kitu gani. Ukiweka kando zile za kidijitali zinazounganishwa na simu, saa za mkononi ni za namna tatu. Kuna ya betri, ambayo ndani yake mna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi. Umeme wa betri ukipita, kipande hicho hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saa huhesabu mitetemo hiyo. Kuna ya kutia ufunguo, isiyo na betri wala waya, inayoendeshwa na springi unayoikaza kwa kuzungusha kitufe cha pembeni. Halafu kuna otomatiki, ambayo ni hiyohiyo ya springi ila imeongezewa kipande kizito cha chuma chenye umbo la nusu duara. Mkono ukitembea, kipande kinazunguka na kuikaza springi chenyewe. Hizi mbili za mwisho nitaziita saa za springi.

Anasa ni jambo jingine. Seiko 5 iliyovaliwa na walimu na makarani wengi wa nchi hii ni ya springi, na hakuna aliyeiita anasa. Na ziko Cartier za dhahabu zenye betri ndani. Kwa hiyo anayesema "hii ni otomatiki" hajakuambia chochote kuhusu bei, na anayekutajia bei hajakuambia chochote kuhusu mashine iliyomo.

Mashine yenyewe inafanyaje kazi? Tazama tangi la maji lililopandishwa juu ya mawe, kama yale unayoyaona ukiinua macho kuelekea nyumba za mlimani Mabatini. Springi iliyokazwa ni tangi lililojaa. Ukiacha bomba wazi, maji yote yatamwagika kwa dakika chache, kwa hiyo inahitajika koki ya kufungua na kufunga kwa kipimo kilekile, tone kwa tone, usiku na mchana. Katika saa, koki hiyo ni gurudumu dogo ambalo mafundi huliita balansi. Linakwenda kulia na kurudi kushoto likivutwa na springi nyingine, nyembamba mno, na kila likipita, kijiuma chenye pembe mbili kinaachia jino moja la gia. Hiyo ndiyo "tik" unayoisikia ukiweka saa sikioni. Saa nyingi za springi za siku hizi hutoa milio minane kwa sekunde, yaani 691,200 kwa siku, na zaidi ya milioni 250 kwa mwaka. Tangi likikaribia kuisha, msukumo hupungua na saa huanza kuyumba. Nyingi hukaa kati ya saa 40 na 70 tangu springi ijae, ndiyo maana otomatiki iliyovuliwa Ijumaa jioni inaweza kukutwa imesimama Jumatatu asubuhi na mwenyewe akadhani imeharibika.

Sasa tuje kwenye usahihi. Shirika la Uswisi linalopima saa hizi, COSC, huipa cheti saa ambayo wastani wake hauchelewi zaidi ya sekunde 4 wala hauwahi zaidi ya sekunde 6 kwa siku. Kwa kitu kisicho na umeme hata chembe, hilo ni jambo la ajabu, maana siku nzima ina sekunde 86,400. Lakini piga hesabu ya mwezi: saa yenye cheti inaweza kuwahi kwa dakika tatu na bado ikawa ndani ya kiwango. Casio F-91W, ile ndogo ya plastiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ya bei isiyofika dola 30, inaahidi kutokosea zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi mzima, na betri yake inakaa miaka kama saba. Kwa hiyo anayekuambia ununue saa ya milioni 25 kwa sababu "inashika muda" hajui anachouza, au anajua sana.

Haikuwa hivyo siku zote. Tarehe 25 Desemba 1969, kampuni ya Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa ya mkononi iitwayo Astron, ya kwanza duniani ya kwatzi kuuzwa madukani. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, pesa inayokaribia kununua gari dogo la Japani wakati huo. Ndiyo, saa ya betri ilianza maisha yake ikiwa anasa! Miaka michache baadaye bei zikaporomoka, na Uswisi ikapata pigo kubwa: wafanyakazi wa viwanda vyake vya saa, waliokuwa kama 90,000 mwaka 1970, walishuka hadi kama 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Baadhi ya kampuni zilifunga milango, nyingine zikaungana, na mwaka 1983 Waswisi wenyewe wakaingia sokoni na Swatch, saa ya plastiki ya betri. Zilizobaki na springi zikalazimika kujibu swali gumu: kama hatuwezi kuishinda betri kwa kutaja muda wala kwa bei, tuuze nini? Wakauza ufundi, historia, uzuri, na heshima ya kuvaa kitu ambacho jirani hana. Ukielewa hapo, bei zote zinazofuata zitakuingia akilini, hata kama hutakubaliana nazo.

Maana kuna sehemu ya bei ambayo ni kazi halali ya mikono. Katika saa nzuri za daraja la juu, fundi hung'arisha kingo za vipande ambavyo mwenye saa hatavitazama maisha yake yote, kwa sababu vimefunikwa na kifuniko cha chuma. Mihimili ya ile balansi ina ncha zenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kuvikata, kuvikusanya, kuvirekebisha vikae sawa saa ikiwa imelala au imesimama wima, hiyo ni kazi ya watu waliosomea miaka.

Na kuna sehemu nyingine ya bei ambayo ni jina. Rolex ilianzishwa London mwaka 1905 na Hans Wilsdorf, mzaliwa wa Ujerumani, na baadaye ikahamia Geneva. Mwaka 1926 walitoa saa waliyoiita Oyster, yenye kasha lililofungwa maji yasiingie. Mwaka uliofuata mwogeleaji wa Kiingereza, Mercedes Gleitze, aliyekuwa ameshavuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, alirudi majini kuthibitisha kwamba kweli anaweza. Safari hii baridi ilimshinda, akatolewa kabla ya kufika. Lakini saa ya Rolex aliyoivaa shingoni ilitoka ikiwa inafanya kazi, na Wilsdorf akanunua ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Mail kuitangaza. Unapolipa leo, unachangia karibu karne nzima ya matangazo ya aina hiyo. Siwalaumu, ni biashara, na saa zenyewe ni imara kwelikweli. Ila usidhani ni adimu kama inavyosemwa: kampuni haitangazi idadi, lakini wachambuzi wa soko wanakadiria inatengeneza zaidi ya milioni moja kwa mwaka.

Hata maandishi ya "Swiss Made" yana mipaka yake. Kanuni inayotumika tangu 2017 inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa ziwe zimetumika Uswisi. Hizo 40 zilizobaki zinaweza kutoka kokote. Na kampuni nyingi zenye majina tofauti hununua mashine kutoka kwa watengenezaji walewale, kama ETA na Sellita, kwa hiyo saa mbili zilizopishana bei mara tatu zinaweza kuwa na moyo wa ukoo mmoja.

Kuna mawe pia. Wazee wengi wanakumbuka saa zilizoandikwa "17 Jewels" usoni, na wapo wanaoamini mpaka leo kwamba ndani mna vito vya kuuza. Kweli ni rubi, lakini ni za kutengenezwa kiwandani kwa njia aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, na kazi yake ni ya beringi: mhimili wa chuma ukizunguka ndani ya jiwe gumu, hausuguani sana wala haulegei upesi. Bei yake ni ndogo mno. Usivunje saa ya marehemu babu kwa ajili hiyo.

Dhahabu nayo inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa tuko Mwanza, mji ambao hata kijana wa duka la simu anajua bei ya gramu ya jana. Dhahabu ya saa za anasa kwa kawaida ni ya karati 18, yaani asilimia 75 ni dhahabu na robo iliyobaki ni madini mengine ya kuipa ugumu. Mpelekee sonara. Atataka kwanza uitoe mashine, kioo na kila kisicho dhahabu, atapima kilichobaki, atazidisha gramu kwa 0.75, kisha atakata faida yake. Utakachoshika ni sehemu tu ya ulichotoa dukani, kwa sababu sonara hawezi kukulipa pango la duka la Geneva wala ule ukurasa wa gazeti. Anayetaka dhahabu kama akiba, anunue dhahabu. Na saa ya chuma, ambayo ndiyo inayopiganiwa zaidi na vijana, ikiyeyushwa haina bei kabisa. Thamani yake yote imo katika kubaki saa, ya jina lile, yenye sehemu zake zote halisi. Zile zilizopakwa dhahabu juu juu hata sizihesabu, maana jasho la mwaka mmoja linatosha kuanza kuzichubua pembezoni.

Tufike kwenye uwekezaji wenyewe. Wanaolishikilia dai hili wana mifano, na mifano yao ni ya kweli. Mwezi Oktoba 2017, mnada mmoja jijini New York uliuza Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman kwa dola milioni 17.75. Alipewa na mkewe, Joanne Woodward, ambaye nyuma ya saa hiyo alichongesha maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Lakini hiyo ni saa moja duniani, na kilichonunuliwa pale ni maisha ya Newman. Mfano wa pili ni kupanda kwa bei kati ya 2020 na mwanzo wa 2022, pale modeli chache za chuma kama Daytona, Royal Oak ya Audemars Piguet na Nautilus ya Patek Philippe zilipouzwa mtumba kwa mara mbili au zaidi ya bei ya dukani. Watu wakaingia kwa pupa. Kuanzia katikati ya 2022 bei hizo zikashuka, na walionunua kileleni wakabaki nazo mkononi.

Ukiacha modeli hizo chache, saa nyingi za anasa hufanana na gari jipya kwa jambo hili moja la bei: zikitoka dukani zinashuka, na si ajabu kupoteza theluthi. Na hizo chache zisizoshuka huwezi kuzinunua kwa bei iliyoandikwa. Wakala rasmi atakuandika jina kwenye orodha, na orodha hiyo inawapendelea wateja wake wa siku nyingi. Wewe uliyetoka Igoma na pesa yako taslimu, asiyekujua hata kwa sura, utaambiwa usubiri. Utakachofanya ni kuvuka barabara kwenda kwa mchuuzi anayeiuza papo hapo kwa bei ya juu zaidi. Yaani ile faida unayoisikia imeshachukuliwa na mtu mwingine kabla saa haijafika mkononi mwako.

Wafanyabiashara wanaokwenda Dubai wana hoja moja ninayoikubali. Saa ya jina kubwa inabebeka, inajulikana kila mahali, na bei yake inatajwa kwa dola, hivyo shilingi ikiyumba haitikisiki nayo. Sawa. Lakini wanunuzi wake wako wapi? Siku umekwama na unataka pesa kesho asubuhi, hapa Mwanza utampata nani wa kukutolea milioni 20 kwa saa ya chuma, bila kuogopa kwamba ni feki? Kwenye kiwanja kuna hati, na benki inajua la kufanya nayo. Saa inakutaka upande ndege, na huko unakokwenda mchuuzi atainunua kwa bei ya kumwachia faida. Tena saa haizai. Haina kodi ya mwezi, haina gawio, haina riba. Mwenye milioni 25 anayetafuta mahali pa kuziweka zikue ana vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS na hatifungani za serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu, na hizo hazihitaji kufichwa chini ya shati mtu akiwa kwenye bodaboda.

Lakini mimi naona jambo linaloamua mjadala huu kwa mkazi wa kanda ya ziwa ni matengenezo, na ndilo lisilozungumzwa kabisa. Katikati ya mji, kwenye vibaraza vya maduka upande wa Makoroboi, bado unaweza kumkuta fundi saa na kimeza chake chenye kioo, kikombe cha benzini, na lenzi iliyobanwa kwenye jicho moja. Nilikaa kwa mmoja wao wakati mzee mmoja, mvuvi aliyestaafu, alipomletea Seiko 5 iliyogoma. Fundi aliipindua, akafungua kifuniko cha nyuma, akaipuliza vumbi kwa kipira, akaigusa balansi kwa ncha ya kibano. Ilikwenda mara moja, ikarudi kwa uvivu, ikasimama.

"Imekufa, fundi?"

"Haijafa, mzee wangu. Imekauka mafuta. Mara ya mwisho ilisafishwa lini?"

Mzee akamtazama kijana wake aliyemsindikiza. "Tangu niinunue, huyu alikuwa hajazaliwa."

Kijana alikuwa na mvi mbili tatu. Fundi alicheka, akaanza kutoa skrubu na kuzipanga kwenye karatasi nyeupe kwa mpangilio wa kutoka kwake, na juu ya karatasi ile ungeona kila kitu: gia zenye uchafu mweusi kwenye mihimili, pale mafuta yalipogeuka gundi. Seiko ile ilivumilia miongo ya uzembe, na sehemu yoyote iliyolika fundi angeipata kwenye kopo lake la saa mbovu za aina hiyohiyo.

Saa ya anasa haina kopo. Mashine yoyote ya springi inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kati ya mitano na kumi, iwe imevaliwa kila siku au la. Kampuni kubwa haziuzi vipuri ovyo kwa mafundi wa nje, kwa hiyo kazi inabidi ifanyike kwenye karakana zao au za mawakala wao, na huko malipo ya usafishaji wa kawaida huwa mamia ya dola. Kwa saa zenye kazi nyingi ndani, kama zile zenye vipima muda vya kubonyeza, huzidi hapo. Ongeza usafirishaji wa kitu cha thamani kubwa kwenda nje na kurudi. Fundi wa kibarazani anaweza kuwa na mkono hodari kuliko unavyodhani, lakini akiweka kipuri kisicho halisi, mnunuzi wa baadaye atakikuta na kukupunguzia bei.

Tuifanye iwe hesabu. Chukua dola moja kuwa shilingi 2,500. Rolex Submariner isiyo na tarehe imekuwa ikiuzwa dukani Marekani kwa karibu dola 9,000 hadi 10,000 miaka hii, sawa na milioni 22.5 hadi 25. Tuseme umeipata kwa 25. Ndani ya miaka kumi umeisafisha mara mbili, kila mara dola 800, yaani milioni 4. Jumla 29. Ukigawa kwa miezi 120 unapata karibu shilingi 242,000 kila mwezi. Ukiiuza mwishoni kwa milioni 15, gharama halisi inashuka hadi karibu 117,000 kwa mwezi. Kuna watu ambao kiasi hicho kinawatoka kwa bia na nyama choma za Ijumaa mbili, na wakikuambia saa inawapa raha zaidi, sina la kuwajibu. Kuna wengine ambao hiyo ni ada ya mtoto. Ukihesabu hivyo kwa mwezi, badala ya kuduwaa mbele ya ile milioni 25, utajua upesi uko upande gani.

Maji nayo yamewaponza wengi hapa ziwani. Saa imeandikwa mita 30, mwenyewe anaruka nayo toka kwenye boti, jioni kioo kina ukungu kwa ndani. Kipimo hicho hufanywa kwenye maji yaliyotulia, kwa saa mpya yenye raba mpya. Hakihesabu kishindo cha mkono unaopiga maji wala raba iliyokauka kwa jua la miaka mitano. Ya mita 30 ni ya mvua na kunawa mikono. Kuogelea anza na ya mita 100, na raba zikaguliwe. Kina kirefu kabisa cha Ziwa Victoria ni takriban mita 80, kwa hiyo hizo za mita 300 wanazozitambia vijana wa Capri Point zinaweza kwenda chini mpaka kwenye matope na kurudi, jambo ambalo mwenye saa hawezi. Kingine ni sumaku: spika, kava za simu zenye sumaku, vifungo vya mikoba. Springi ndogo ya balansi ikishika sumaku, vizingo vyake vinagandana na saa inaanza kuwahi kwa dakika nyingi kwa siku. Kuiondoa ni kazi ya sekunde chache kwa kifaa cha bei ndogo, lakini nimewaona watu wakiuza saa nzima kwa bei ya kutupa kwa tatizo hilo tu.

Kuhusu feki, sahau ile kanuni ya mshale wa sekunde. Zamani ilisemwa kwamba mshale ukiteleza ni orijino, ukiruka ni feki. Siku hizi China inatengeneza otomatiki za bei nafuu ambazo mshale wake unateleza vizuri tu, na kopi zake zinakuja na uzito, boksi na karatasi zenye mihuri. Ushahidi uko nyuma ya kifuniko, kwa jicho la mtu aliyewahi kuifungua ya kweli. Kwa hiyo saa ya jina kubwa inayouzwa mkononi kwa milioni mbili, kwa hadithi ya mjomba aliyetoka Ulaya, ihesabu kuwa ni saa ya elfu thelathini mpaka ithibitike vingine.

Nani basi anunue? Kwa maoni yangu, mtu ambaye milioni hizo zikipotea kesho hatagombana na mkewe, na ambaye akiliona lile gurudumu likicheza moyo wake unacheza nalo. Wanaotaka kuonekana, mitaa hii haina wengi wanaoweza kutofautisha ya milioni 25 na ya elfu thelathini kwa umbali wa meza, kwa hiyo watakuwa wamelipa bei kubwa kwa watazamaji wachache. Wanaotaka akiba nimeshawataja. Anayenunua nje adai risiti yenye namba ya saa, na akirudi aitamke kwa watu wa forodha, kwa sababu juu ya bei kuna ushuru na VAT ya asilimia 18 ambayo wengi husahau kuiweka kwenye hesabu yao ya "bei poa ya Dubai".

Na kama bado hujui moyo wako uko wapi, jaribu kwa bei ndogo kwanza. Seiko 5 mpya ni kama dola 300. Ya zamani iliyotumika, yenye mashine ya 7S26, huwa chini ya hapo sana. Mwombe fundi aifungue mbele yako kabla hujalipa, atazame mihimili na raba, kisha ivae mwaka mzima ukiilinganisha na simu kila asubuhi. Ukijikuta unafurahia kuirekebisha dakika zake, hapo tunaweza kuanza kuzungumza habari za Geneva. Ukijikuta umeiacha droo miezi mitatu imesimama, umeokoa zaidi ya milioni 24, na Seiko bado utampata wa kuinunua palepale Makoroboi.